Gundi Haipendi Upepo

Shemeji yangu hajui majina ya watu, anajua saizi zao. Ukipita mbele ya duka lake atakutazama miguuni kwanza, usoni baadaye, na salamu inatoka hapohapo: "Arobaini na mbili, habari za kazi?" au "Thelathini na saba, mbona umepotea?" Mimi ni mdogo wa mke wake, tumbo moja, na miaka yote hii ananiita Thelathini na Tisa. Nimemwambia mara nyingi kwamba ni thelathini na nane. Anasema mguu wangu unasema vingine, na yeye hubishana na mtu, habishani na mguu. Basi mtaa mzima unamwita Bwana Saizi, na sidhani kama kuna anayekumbuka jina alilopewa na mama yake.

Ni fundi viatu, lakini si wa kubandika viraka pembeni mwa barabara. Yeye anaunda kiatu kuanzia ngozi mpaka kisigino. Riziki yake ni viatu vya shule: vyeusi, vya kamba, soli nene. Kaka akimaliza kuvivaa anavirithi mdogo, na mdogo akimaliza bado soli inang'ang'ania. Jambo hilo ndilo linalomharibia biashara, na ndilo analojivunia kuliko yote.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia zito. Mbele kuna kaunta ya mbao, na pembeni yake cherehani ya dada yangu, karibu na mlango ili apate mwanga. Nyuma ya pazia ndiko kuna karakana: kalibu za mbao zenye umbo la mguu zimepangwa ukutani kuanzia za mtoto anayeanza darasa la kwanza hadi za mtu mzima, meza fupi ya kazi, mikebe ya gundi, chupa ya thina ya kutolea gundi mikononi, na dirisha moja. Dirisha hilo limepigiliwa mbao tangu enzi za baba yake, na kila mwanya umeshindiliwa kitambaa. Wenzetu huambiwa wazibe ufa wasije wakajenga ukuta. Shemeji yangu aliziba kila ufa, na ukuta tulijengewa sote.

Baba yake, ambaye naye alikuwa fundi viatu, alimwachia kalibu hizo, nyundo, na maneno matatu: gundi haipendi upepo. Maneno hayo yana maana yake, sitaki kumsingizia marehemu ujinga. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, kwenye soli na kwenye ngozi, halafu inaachwa kidogo mpaka isinate kwenye kidole, ndipo unabandika na kugonga. Upepo ukipita hapo katikati, gundi inafanya utando juu na ndani bado ni mbichi. Vumbi nalo likitua, basi tena. Soli ya namna hiyo hubanduka kabla muhula haujaisha, na mzazi anakuja dukani amekishika kiatu mkononi kama amekamata mwizi. Kwa hiyo watu wa ukoo wao hupaka gundi wakiwa wamejifungia. Tena hupaka kwa kidole, hawataki brashi, kwa sababu wanasema brashi haijui pale gundi ilipozidi.

Ukivuta pazia lile, harufu inakupiga mpaka utosini. Macho yanatoa machozi, kichwa kinakuwa chepesi. "Karibu ulewe bure," ndivyo alivyokuwa akiniambia, huku kidole chake kikizunguka kwenye ukingo wa soli. Jioni alitoka na kichwa kinachomgonga, ananawa kwa thina hadi kwenye viwiko, anacheka. Mafundi wengine wa mtaani hufanya kazi barazani kwenye hewa, naye aliwadharau. Alisema wale wanabandika tu.

Dada yangu anashona sehemu ya juu ya kiatu. Panapokuwa bapa anapitisha cherehani, panapopinda anashona kwa mkono, anatoboa kwa maharazi, kile chuma chenye ncha, kisha anavuta uzi wa nta. Nisiposema habari ya vidole vyake nitakuwa nimemwibia. Tulipokuwa wadogo alinisuka nywele gizani, taa imezimika, na asubuhi mistari ilikuwa imenyooka. Akipapasa kipande cha ngozi alikwambia kimetoka mgongoni au tumboni mwa mnyama, na anazungumza nawe mambo mengine kabisa. Hajawahi kusifiwa hadharani, kwa sababu mteja husifu soli.

Ugonjwa wa Bwana Saizi ulianzia kwenye vidole vya miguu. Alisema anahisi amevaa soksi na hajavaa. Kisha zikaja sindanosindano, kisha ganzi, kisha nyayo zikaanza kuning'inia. Kila alipopiga hatua alilazimika kunyanyua goti juu sana, halafu unyayo wote unashuka kwa mpigo mmoja: pa, pa, pa. Watoto wa shule, ambao miguuni wamevaa viatu vyake, walimfuata nyuma wakimwiga. Wazee wanaopiga soga kwenye baraza la jirani wakamwita Jogoo. Alicheka pamoja nao, kwa sababu ukikataa jina la utani ndiyo umelithibitisha. Akajipaka kila mafuta yanayouzwa kwenye chupa. Siku aliyoanguka kwenye kizingiti cha duka lake mwenyewe, amekumbatia kalibu, dada akafunga duka na kumpeleka hospitali bila kumuuliza.

Walipewa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja kijana mwenye sauti ndogo. Sikuwapo siku hiyo. Mimi ni dobi, nafua na kunyoosha nguo za watu nyumba mbili kutoka kwao, na jioni nilipowapelekea mashuka yao nilimkuta shemeji amekaa kwenye kaunta amechangamka, ameshika ile chaki ya kuchorea ngozi. Alikuwa amechora mtu mzima juu ya mbao.

"Shemeji, kaa nikufundishe mwili wako," akaniambia. "Huu hapa juu ni ubongo. Huyu ndiye bosi. Haendi popote, amekaa ofisini kwake ndani ya fuvu, lakini kila kitu kinaamuliwa hapo. Sehemu ya mbele unafikiria, ya nyuma unaonea. Huku chini, kisogoni, kuna kaubongo kengine kadogo kanakokuzuia usiyumbe."

"Na ile ya kumfanya mtu asikie akiambiwa iko wapi?" nikamuuliza.

"Hiyo wanaume hawakupewa," dada akajibu, wala hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Cheka tu. Hapa ubongo unaposhuka shingoni kuna shina lake. Hilo ndilo linalokupumulisha ukiwa umelala, na moyo unapiga bila kukuomba ruhusa. Baada ya hapo unakuja uti wa mgongo. Si mifupa hii unayoipapasa, mifupa ni ala tu, kama ya kisu. Ndani yake kuna kamba laini, unene wake kama kidole changu hiki cha mwisho. Hiyo ni barabara kuu. Halafu kutoka barabara kuu inatoka mishipa ya fahamu, huku mikononi, huku kifuani, huku miguuni, inagawanyika, inagawanyika, mpaka inakuwa vichochoro. Mingine inapeleka habari juu: moto huu, mwiba huu. Mingine inaleta amri chini: nyanyua, kunja, kimbia."

Akanieleza jinsi daktari alivyomgonga kwa kinyundo cha mpira chini ya goti, mguu ukaruka kidogo kwa uvivu, na alipomgonga nyuma ya kifundo haukuruka kabisa. Akamwambia atembee kwa visigino, akashindwa.

"Kwa hiyo amri hazifiki na habari hazirudi," akasema. "Lakini sikiliza, shemeji. Ubongo wangu ni mzima. Uti wa mgongo mzima. Ni hii mishipa ya pembeni tu."

Hiyo "tu" nilitamani kuing'oa mdomoni mwake kwa koleo lake mwenyewe. Nikamuuliza mishipa imepatwa na nini.

"Anasema gundi. Ule mvuke wake unaingia kwa pua, na kwa ngozi pia, unakwenda kuila mishipa. Unaanza na ile mirefu, ndiyo maana miguu imetangulia. Unajua, kutoka hapa kiunoni mpaka kidole gumba cha mguu ni uzi mmoja, shemeji. Uzi mmoja mrefu kiasi hicho, na mwembamba hauonekani kwa macho." Akaufuata mstari huo kwa chaki, kama fundi anayesifu kazi ya fundi mwenzake. "Ikimaliza miguu, inakuja mikono."

Cherehani ya dada ikasimama. "Alisema pia dirisha lifunguliwe," akasema. "Na alisema yeyote anayekaa mle ndani."

"Alisema mimi nitoke. Nitatoka."

Hivyo ndivyo alivyoyapokea maneno ya hospitali. Bosi yuko ofisini, barabara kuu inapitika, vichochoro vitatengenezwa. Yeye atakaa mbele kwenye kaunta, apime miguu ya wateja, akate ngozi, auze. Gundi atapaka mke wake. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na viatu vilikuwa vimeagizwa vingi, na alisema kwamba yeye alikaa nyuma ya pazia tangu ujana, mtu haliwi na gundi kwa msimu mmoja.

"Basi fungua dirisha," nikamwambia.

"Soli zikibanduka utawajibu wewe wazazi?"

"Afadhali zibanduke soli kuliko mke wako."

"Shemeji, usituletee uchuro humu ndani."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, lakini dada alikwisha simama. Akajifunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Punguza sauti, mdogo wangu, wateja wanasikia," akavuta pazia akaingia.

Siku chache baadaye alikuja kwangu kuchukua nguo, na nikambana kati ya kamba za mashuka. Nikamuuliza amerogwa au vipi, kwamba anasikia maneno ya daktari kwa masikio yake mawili na bado anakwenda kukaa kwenye ule mvuke. Alinyoosha pindo la shuka la mtu kwa viganja vyake, akanijibu taratibu.

"Nikikataa mimi, atarudi yeye."

Namjua shemeji yangu. Angerudi siku hiyohiyo, na angekufa amekaa, kidole kimo kwenye mkebe.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyomharibikia mtu kwa kufuata akili yake vizuri kabisa. Alitoka kwenye gundi, kama alivyoambiwa. Na alipotoka, akazidi kuumwa. Ganzi ikapanda kutoka kwenye vifundo hadi karibu na magoti. Mkasi ukaanza kumponyoka akikata ngozi. Akaanza kutembea na fimbo, na bado ile pa, pa, pa ilisikika kabla hajafika. Daktari alikuwa amemwonya kuhusu hilo, dada aliniambia: sumu iliyokwisha kuingia huendelea kuuma kwa miezi kadhaa hata baada ya mtu kuondoka, ndipo huachia. Lakini maneno hayo shemeji aliyaacha hospitali.

"Ingekuwa gundi, si ningepata nafuu?" aliwauliza watu wa baraza, fimbo mapajani. "Nimetoka humo kabisa, hata harufu siipati, na ndiyo kwanza naporomoka. Mwenye macho aone."

Wazee wakatikisa vichwa, wakaona. Hoja ilisimama sawasawa, hata mimi ilinitikisa kwa muda.

"Daktari alisema itazidi kwanza," dada akasema kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa nzito ya mtu mwenye mafua.

"Daktari naye lazima aseme kitu, mama watoto. Analipwa kusema."

Basi gundi ikaachiwa huru kwa kukosa ushahidi. Viatu vya kufungua shule viliisha, na kabla dada hajatoka nyuma ya pazia ikaja kazi nyingine, buti za walinzi wa kampuni fulani. Akahamishia na ushonaji wake wa mkono hukohuko ndani, ili asipoteze muda wa kwenda na kurudi. Kipindi cha vumbi kilipoingia, Bwana Saizi akajikongoja na fimbo yake mpaka dirishani, akashindilia vitambaa vipya kwenye mianya kwa ncha ya bisibisi. Nilimkuta akifanya hivyo, na dada amekaa hapo chini yake, akipaka. Kuna methali wanayofundishwa watoto, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu wake maisha yake yote, na guu likavunjika kwa sababu hiyo. Sijaona bado mtoto anayefundishwa methali ya namna hiyo.

Kisha akaanza kupona.

Ilianza kwa muwasho. Alikuja kwenye mlango wangu asubuhi akiwa na uso wa bwana harusi, akaniambia vidole vya miguu vinamwasha na kumchoma mpaka hakulala, na nilikuwa sijawahi kumwona mtu anayesimulia maumivu kwa furaha kiasi hicho. Baada ya majuma kadhaa aliweza kunyanyua unyayo. Hatua zake zikaanza kupoteza ule mlio. Watoto wa shule wakamfuata nyuma wakakosa cha kuiga, wakamwacha. Kuna mafuta meusi aliyoletewa na mzee mmoja wa baraza, na sifa zote aliyapa hayo. Aliyaweka kaunta, chupa imesimama mbele ya kila mteja, akaeleza habari zake hata kwa asiyeuliza.

Siku aliyoiacha fimbo alitembea mpaka kwangu bila kushika ukuta. Akasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akainua mguu mmoja na kuukunjakunja kama mtoto anayeonyesha kiatu kipya.

"Thelathini na Tisa, hebu tazama."

Nilitazama. Na wallahi sikufurahi, niliogopa. Kwa sababu kama mtu amepona kwa kukaa mlangoni, basi kilichokuwa kikimuua ni kile cha nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na dada yangu.

"Umepona kwa kutoka, shemeji," nikamwambia.

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka. "Ni mafuta," akasema. Akageuka, akaenda zake haraka, na aliweza kwenda haraka.

Mwezi huohuo dada alikuja kutoka sokoni, kapu mkononi, akapitia kwangu. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine ulikuwa mtupu. Alikuwa ametembea hivyo juu ya kokoto za barabara inayochimbwa, na nyuma yake palikuwa na alama ya damu kwenye sakafu yangu niliyotoka kuipiga deki. Nikadhani ameibiwa au amekimbizwa na mbwa. Nikamwambia, "Dada, kandambili yako iko wapi?" Akatazama chini. Nilimwona akishangaa, kisha nilimwona akificha kule kushangaa.

"Imekatika njiani," akasema.

"Na ulishindwaje kuiokota?"

Nikamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwosha ule unyayo. Kulikuwa na jiwe dogo limeingia ndani ya nyama, nikalitoa kwa sindano, na mwili wangu wote ulisisimka kwa niaba yake. Yeye alikuwa akitazama barabarani, akiniambia bei ya nyanya. Ndipo nikaichukua mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimetobolewatobolewa na maharazi, matundu mapya juu ya matundu ya zamani, mengine yamevimba na kutunga usaha.

"Tangu lini?"

"Si siku nyingi."

"Dada."

"Tangu zile buti," akasema. "Nikishona inabidi nitazame. Nisipotazama sijui kama nimeshika ngozi au nimejishika mwenyewe. Juzi nimechafua ulimi wa kiatu cha mtoto kwa damu, nimeufuta kwa thina."

"Umemwambia mumeo?"

"Amepona juzi tu, mdogo wangu. Mwache afurahi kwanza. Akishapona kabisa nitamwambia."

Nilipandwa na hasira mpaka nikamfokea dada yangu mkubwa, jambo ambalo sikulelewa kulifanya. Nilimwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba ama atamwambia daktari mbele ya mumewe, ama nitamwambia mimi, na nikisema mimi nitasema na mengine. Alinishika mkono ili ninyamaze. Alinibana kwa nguvu nyingi kupita kiasi, kama mtu ambaye hana hakika kwamba amekishika alichokishika. Akakubali.

Tarehe ya shemeji kurudi hospitali ilipofika tulikwenda sote watatu. Yeye alidhani tunakwenda kushangilia. Alivaa shati nililolinyoosha mwenyewe, na njia nzima alitembea mbele yetu akisalimia saizi za watu. Dada alinishika bega. Nilikuwa nimemfunga kamba za viatu mimi kabla hatujatoka, tukisingizia mgongo unamuuma.

Daktari alimgonga nyuma ya kifundo, mguu ukaruka. Akamwambia atembee kwa visigino kutoka kitandani hadi mlangoni, akaenda na kurudi, na aliporudi alitutazama kuona kama tumeona.

"Vizuri sana, mzee," daktari akasema. "Mishipa inaota tena, taratibu, kama nilivyokwambia. Nini kimebadilika kazini kwako?"

"Nimeiacha gundi, daktari. Nakaa mbele kwenye kaunta."

"Safi. Na gundi sasa anapaka nani?"

Shemeji yangu alifungua kinywa. Nilikuwa namtazama usoni, na nataka nimtendee haki: sijui kama siku zote zile alikuwa anajua. Lakini pale swali lilipoulizwa, kwa sauti ile ndogo, katika chumba chenye dirisha wazi, alijua. Nilimwona akijua. Kinywa kikabaki wazi, na dada akajibu badala yake.

"Mimi."

"Dirisha mlifungua?"

Shemeji akainamisha uso. Daktari hakumlaumu mtu, na hilo lilinikera, nilitamani sana mtu alaumiwe. Alimwambia tu dada apande kitandani, avue viatu. Dada hakuweza kufungua fundo, nikamfungulia. Akaambiwa afumbe macho, na daktari akakishika kidole gumba cha mguu wake, akikisogeza polepole.

"Nikikipandisha sema juu, nikikishusha sema chini."

Akakishusha. "Juu," dada akasema. Akakipandisha. "Juu." Akakishusha tena. "Chini... hapana, juu." Alijibu haraka na kwa sauti, kama mwanafunzi anayetaka afaulu. Kisha daktari akakiachia kabisa, akaweka mikono yake kando, na dada, macho yamefumbwa, akasubiri kidogo na kusema, "Chini."

Shemeji alikuwa amesimama mwisho wa kitanda. Alikuwa ameona kila kitu, kidole kilikuwa mbele yake.

Daktari akapima na mikono, kisha akasema. Alisema ubongo hauna neno, wala uti wa mgongo. Alisema ni mishipa ya pembeni, na kwa mama imekwenda mbali kuliko ilivyokuwa kwa mzee, imeshika miguu na mikono pamoja. Aache leo. Na hata akiacha leo, itazidi kwanza kwa miezi kabla ya kupungua. Miguu inaweza kurudi.

"Na mikono?" nikauliza.

"Tutaona. Kushona sitamwahidi."

"Daktari," shemeji akasema, "haiwezi kurudishwa kwangu? Mimi nilishaizoea."

Nilimchukia sana mtu yule kwa miezi mingi, na alipouliza swali hilo la kijinga ndipo niliposhindwa kuendelea kumchukia. Daktari alimwambia kwamba haiwezekani, akainamia meza kuandika.

Dada alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia. Alikuwa ameinua uso kutazama dari, akikaza shingo ili machozi yasishuke mbele ya mgeni. Nikainama kuchukua viatu vyake, lakini shemeji alinitangulia. Alipiga magoti sakafuni. Viatu vyenyewe alimuundia yeye, vya ngozi laini, visigino vifupi. Akauchukua mguu wa kushoto, akaufuta vumbi kwa kiganja, akauingiza kiatuni, akavuta kamba na kuzifunga. Akauchukua wa kulia, vilevile. Akabana ncha kwa kidole gumba, kama anavyowafanyia wateja, kuona kama nafasi ya mbele inatosha. Alipomaliza hakuinuka. Akabaki ameishika miguu yote miwili kwa mikono yake.

"Basi nivalishe, baba watoto, tuondoke," dada akasema, uso bado uko juu. "Daktari ana wagonjwa wengine."

Shemeji akainua macho, akamtazama usoni.

"Nimeshakuvalisha," akasema.

Dada yangu akainama kutazama.